Mume ataka titi libaki, mdogo wangu ataka liondolewe, mavyaa ataka nisubiri

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe, nina miaka 41, nimeolewa na nina watoto watatu. Jina langu tafadhali lisitoke. Huku kwetu habari ya ugonjwa huu ikishajulikana, watu wanakutazama kifuani kabla hawajakutazama usoni.

Mwezi wa pili, nikiwa naoga, niligusa kitu kigumu kwenye titi la kulia, upande wa kwapani. Hakiumi. Mdogo wangu ni muuguzi, nilipomweleza hakunipa nafasi ya kubisha, akanipeleka mwenyewe hospitali. Nikapigwa picha, nikachomwa sindano ya kuchukua kinyama. Majibu yakatoka ni saratani. Uvimbe una kama sentimita 3, na kuna tezi moja kwapani wanaitilia shaka. Daktari wa upasuaji akasema titi litolewe lote pamoja na tezi za kwapani, na hilo wanaweza kulifanya hapo hapo bila kunipeleka mbali.

Mume wangu nilipomwambia hakusema kitu. Alitoka akakaa barazani mpaka usiku mkubwa. Kesho yake akaniuliza, "Kwani hakuna namna nyingine? Lazima wakukate?" Akauza mbuzi wawili, tukaenda Dar es Salaam kwa daktari mwingine. Huyo akasema inawezekana kutoa uvimbe wenyewe na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki, pengine baada ya kuanza na dripu za dawa ya saratani ili uvimbe unywee. Ila nikikubali njia hiyo, lazima nipate mionzi, wiki kadhaa huko huko Dar.

Mdogo wangu aliposikia alikuja juu. "Dada, unachezea roho yako ili shemeji afurahi? Litolewe lote, mambo yaishe." Hajazungumza na mume wangu tangu siku hiyo.

Mavyaa naye ana lake. Anasema saratani ikiguswa na chuma ndipo inapoamka. Ananikumbusha shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa na ugonjwa huu huu. Alipasuliwa, na mwaka haukuisha akafariki. Kuna mzee kule milimani Lushoto anayetoa dawa za miti, na mavyaa ameshampa kitangulizi. Anaomba miezi mitatu tu, ikishindikana ndipo twende hospitali. Mama huyu amenilelea wanangu wote watatu, Mama. Kumkatalia ni kazi.

Mimi mwenyewe, nikisema ukweli, naelekea kukubali litolewe lote hapa mkoani. Nani atabaki na watoto nikiwa Dar wiki zote hizo? Halafu mkono. Nafundisha darasa la kwanza, kutwa naandika ubaoni, na titi lenyewe ni la kulia. Nimeona mama mmoja mkono umemvimba kama mguu, hawezi hata kusuka mkeka.

Lakini usiku nikijifungia naliangalia. Nimenyonyesha nalo watoto watatu. Silitaki liondoke. Naona haya kuandika hivi wakati watu wanazungumzia uhai wangu, unisamehe. Na kuna jirani aliyepasuliwa, mumewe akaoa mwingine kabla kidonda hakijakauka. Wangu sijamwuliza. Naogopa atakachojibu.

Je, mume wangu anajipenda mwenyewe, kama anavyosema mdogo wangu? Nikiliacha titi, ndiyo nimeiacha na saratani? Naweza kumpa mavyaa hiyo miezi mitatu? Na binti yangu wa kidato cha pili ameanza kuniuliza mbona nimepungua. Nimwambie nini?

Mwalimu, Korogwe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuniandikia kwa uwazi.

Nimehesabu sauti zilizomo kwenye barua yako: daktari wa mkoani, daktari wa Dar, mume, mdogo wako, mavyaa. Kila mmoja amepewa nafasi yake. Wewe umejiweka mwisho, na hata ulipofika hapo, jambo moja unalolitaka umeliomba radhi. Mimi nitaanza nalo. Kulipenda titi lako si haya wala si utoto. Madaktari waliotumia maisha yao yote kutafuta namna ya kutibu saratani bila kulikata titi hawakufanya hivyo ili kuwafurahisha waume. Wanawake waliwaambia kwamba wanataka kuishi na pia wanataka kubaki na miili yao, wakaona ombi hilo lina haki ya kujibiwa.

Na lilijibiwa. Zaidi ya miaka mia iliyopita, huko Baltimore nchini Marekani, daktari William Halsted alieneza upasuaji uliotoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba ukikata eneo kubwa zaidi ndipo mgonjwa anakuwa salama zaidi. Wanawake wengi walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Baadaye Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Milan, Italia, waliipima imani hiyo. Waliwagawa wanawake makundi kwa kura, wengine wakatolewa titi lote na wengine wakatolewa uvimbe na kupewa mionzi, kisha wakawafuatilia kwa miaka 20. Majibu yao wote wawili yalichapishwa mwaka 2002: idadi ya waliokuwa hai haikutofautiana kati ya makundi hayo. Katika utafiti wa Fisher walikuwemo wanawake wenye uvimbe wa hadi sentimita 4, kwa hiyo wako wa sentimita 3 si kitu cha ajabu humo.

Hapo nimejibu swali lako moja. Kuliacha titi si lazima iwe kuiacha saratani. Lakini usinielewe kwamba nakwambia uliache, maana utafiti huo huo una upande wa pili. Fisher alikuwa pia na kundi la waliotolewa uvimbe tu bila kupewa mionzi. Kati ya kila 100, saratani iliwarudia kama 39 kwenye titi lile lile ndani ya miaka hiyo 20. Waliopata mionzi ilikuwa kama 14. Dawa za siku hizi zimeboreka na hali si ile ya zamani, ila somo lake halijabadilika: mionzi ni nusu ya tiba yenyewe. Mwanamke anayelibakiza titi kisha akaikatisha mionzi njiani, kwa sababu nauli imekwisha au mtoto anaumwa nyumbani, anakuwa amechukua nusu ya dawa.

Ndiyo maana siwaoni madaktari wako wawili kama watu wanaopingana. Mashine za mionzi nchini mwetu ziko mahali pachache, Ocean Road pale Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza zikiwa ndizo zinazofahamika zaidi. Daktari wa mkoani anajua wagonjwa wangapi husema watakwenda na hawafiki. Pengine amekupa tiba anayoamini itakamilika. Wa Dar amekupa tiba inayowezekana mashine ikiwa jirani. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na swali linakurudia wewe na nyumba yako: wiki za mionzi mnaziweza? Mara nyingi ni siku tano kwa juma, kwa wiki tatu hadi tano au sita, kutegemea mpango wa daktari. Kila siku kipindi chenyewe ni kifupi. Kinachomaliza watu ni malazi, nauli na nani yuko na watoto.

Sasa niliguse jambo ambalo nadhani hakuna aliyekueleza vizuri. Unaelekea kukubali titi litolewe lote ili usiende Dar. Je, una hakika kwamba hutakwenda? Kuna tezi ya kwapani inayotiliwa shaka. Ikithibitika kwamba saratani imefika kwenye tezi, wapo wanawake wengi wanaoshauriwa kupata mionzi ya kifuani na kwapani hata baada ya titi kutolewa lote. Unaweza kulitoa titi kwa ajili ya kuikwepa safari, kisha safari ikaja hata hivyo. Muulize daktari kabla, siyo baada: tezi hiyo imechomwa sindano ikapimwa? Ikiwa na saratani, nitahitaji mionzi kwa njia yoyote nitakayochagua? Jibu la "ndiyo" linaweza kubadilisha hesabu yako nzima. Jibu la "hapana" nalo linaweza kukupa amani ya kuendelea na unaloliwaza sasa.

Neno la mdogo wako, "mambo yaishe", nalo ningependa tulitazame. Nampenda kwa jinsi alivyokuharakisha hospitali. Pengine amekuokolea muda wa thamani. Ila saratani inaweza kurudi kwenye kovu la kifua hata titi lisipokuwepo, na inaweza kutokea mbali na titi kabisa. Ndiyo sababu tiba haiishii kwenye kisu. Kuna dripu, kuna vidonge vya homoni kama tamoksifeni vinavyomezwa kwa miaka mitano au zaidi, kwa wanawake ambao uvimbe wao unalishwa na homoni. Barua yako haikutaja kipimo hicho cha homoni, wala kile kinachoitwa HER2, protini inayoweza kuifanya saratani ikue haraka. Vyote hufanywa kwenye kinyama kile kile kilichokwisha kuchukuliwa. Majibu yake ndiyo yanayosaidia sana kuamua kama kuna maana ya kuanza na dripu kabla ya upasuaji. Ukianza nazo, uvimbe unaweza kunywea hata upasuaji ukawa mdogo, na madaktari huacha alama ndogo ndani ya titi ili ukitoweka kabisa wajue ulikuwa wapi. Kuanza na dripu kwa mpango ni sehemu ya tiba. Usiruhusu mtu akuambie kwamba unapoteza muda.

Kuliacha titi kuna hatari nyingine ambayo ni vizuri uijue mapema isije ikakuvunja moyo. Kile kinachotolewa hupelekwa maabara, kingo zake zikatazamwa kwa hadubini. Zikikutwa na chembe za saratani, unarudishwa chumba cha upasuaji, na mara nyingine mwisho wake titi linatolewa lote. Upande wa pili, wanaotolewa titi lote si kwamba wanasahauliwa. Yapo matiti bandia ya kuvaa ndani ya sidiria, na hospitali kubwa kadhaa zina wataalamu wa kutengeneza titi upya. Uliza, hata kama hutaki sasa.

Mkono wako. Hofu hii ni ya kweli, na wewe unaishi kwa mkono huo. Ila kinachovimbisha mkono zaidi ni kutolewa tezi nyingi za kwapani, na mionzi ya kwapani, kuliko kutolewa titi lenyewe. Hivyo kuchagua titi libaki au litoke hakukumalizii suala la mkono. Swali la kumpelekea daktari ni kuhusu kwapa: ni lazima tezi zote zitoke, au inawezekana kupima chache za mwanzo tu zinazopokea maji kutoka kwenye titi? Baada ya upasuaji omba mtaalamu wa viungo akuonyeshe mazoezi, kama kupandisha vidole ukutani taratibu mpaka mkono ufike juu. Wewe ubao wako unao tayari. Ukikaa na mkono umebana kifuani kwa kuogopa maumivu, bega litakakamaa, na hata mionzi itakuwa shida, kwa sababu ukiwa umelala kwenye mashine mkono huwekwa juu ya kichwa. Siku pete ikibana au mkono ukawa mzito, nenda siku hiyo hiyo. Uvimbe unaowahiwa hudhibitiwa vizuri zaidi.

Sasa mavyaa, na shangazi yako, Mungu amrehemu. Naomba uulize nyumbani kwenu jambo moja: shangazi alipofika hospitali, titi lilikuwaje? Sikujua habari zake, ila katika familia nyingi nilizozisikia, mgonjwa alipelekwa titi likiwa tayari limefanya kidonda, saratani ikiwa imeshasambaa. Kisu kilikuja mwisho, kikabebeshwa lawama ya yote yaliyotangulia. Kuchukuliwa kinyama au kupasuliwa hakuiamshi saratani. Inakua yenyewe, na miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa tezi moja inayoshukiwa kuwa kadhaa. Shirika la Afya Duniani linahimiza kwamba tangu mwanamke afike hospitali na dalili mpaka ugonjwa ujulikane zisipite siku 60, na tiba ianze mapema baada ya hapo. Wewe ugonjwa wako umeshajulikana. Siku unazoombwa zinatoka kwenye muda wa tiba.

Hata hivyo mavyaa usimdharau, najua huwezi. Mwambie kwamba hospitali nayo inatumia miti. Paklitakseli, mojawapo ya dawa za dripu zinazotumika sana kwa saratani ya matiti, ilipatikana kwanza kwenye gamba la mti huko Marekani. Tofauti ni kwamba ilipimwa kwa miaka, ikajulikana kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua. Mwombe asikuombe kuchagua kati yake na daktari. Kama utashindwa kabisa kukataa dawa ya yule mzee, basi daktari aambiwe umekunywa nini, kwani ipo mitishamba inayozidisha damu kutoka wakati wa upasuaji na mingine inagongana na dripu. Na ninashangaa: mama aliyelea watoto wako wote watatu, akiombwa awalee wiki nyingine tano ukiwa Dar, atakataa? Huenda anang'ang'ania mzee wa Lushoto kwa sababu ndiyo kazi pekee aliyoiona mbele yake. Mpe nyingine.

Ukizungumza na daktari, mtaje shangazi. Watu wengi hudhani ugonjwa huu ukirithiwa hutoka kwa mama tu. Upande wa baba una uzito ule ule. Sema alikuwa na umri gani alipougua.

Umeniuliza kama mume wako anajipenda mwenyewe. Simjui, kwa hiyo sitamhukumu. Nitakachosema ni hiki: swali lake, "hakuna namna nyingine?", ni swali zuri la kitabibu, hata kama alilitoa kwenye hofu. Liliwapeleka Dar, nako mkajua jambo ambalo hamkulijua. Mtu aliyeuza mbuzi wake ili mke apate maoni ya daktari wa pili, na akakaa barazani mpaka usiku, anaweza kuwa anaogopa kukupoteza wewe kuliko kulipoteza titi. Au pengine sivyo, na mdogo wako ameona kitu ambacho mimi sikioni kutoka huku. Utajua kwa kumwuliza tu. Hujamwuliza, na wakati huo huo unabeba mume wa jirani kichwani kana kwamba ndiye wako. Ukimwuliza, usimwulize "utaniacha?", maana swali hilo humfanya mwanamume aape tu. Mwulize atafanya nini: nani atanisafisha kidonda, nani atakuja nami Ocean Road, tutalalaje mara ya kwanza baada ya upasuaji. Wapo waume walioshindwa. Wapo pia waliojifunza kubadilisha bandeji na kumwaga maji ya mrija unaotoka kwenye kidonda, na hao hawasimuliwi sokoni. Omba daktari azungumze nanyi wawili mkiwa mmekaa pamoja, na mdogo wako awepo kama mume atakubali. Huenda ugomvi wao ukaisha hapo hapo, kwa kuwa wote wawili wanabishana kuhusu majibu ambayo hayajatoka.

Kuhusu gharama na malazi, wewe ni mtumishi wa umma. Nenda ofisi ya bima yako kabla ya kuamua, uulize kinachogharimiwa na kisichogharimiwa kwa upasuaji, dripu na mionzi. Hospitali kubwa zina afisa ustawi wa jamii, na wagonjwa wengi hawajui mlango wake uko wapi. Mwalimu mkuu naye itabidi ajue, angalau kiasi cha kukupangia likizo ya ugonjwa.

Binti yako ameshaona. Watoto wa umri huo wakifichwa hujitungia jambo baya zaidi. Unaweza kumwambia kwa maneno machache ya kweli: nina uvimbe kwenye titi, ni saratani, madaktari wana tiba, nitapasuliwa, na kuna siku nitachoka sana. Mwambie si kosa lake na haiambukizi. Akikuuliza kama utakufa, usimwahidi usichokijua, mwambie unatibiwa ili uishi. Akiuliza kama naye ataupata, mjibu kwamba kwa umri wake hahitaji kipimo chochote sasa, na kwamba mmeshamweleza daktari habari za shangazi.

Mimi si daktari, mwanangu, na sitakuchagulia. Naona njia mbili ambazo mwanamke mwenye akili timamu anaweza kuzichagua, titi lote au uvimbe na mionzi, na naona kusubiri miezi mitatu kama jambo ninaloliogopa kwa ajili yako. Kati ya hizo mbili, vitu vitatu bado hujavijua: tezi ya kwapani, kipimo cha homoni na HER2, na jibu la mumeo. Viwili vya kwanza anza kuviulizia wiki hii, na uweke miadi ya upasuaji wakati unavisubiri, kwa kuwa kuahirisha miadi ni rahisi kuliko kuitafuta. Majibu yakitoka niandikie, tuyasome pamoja.